Slivu Nne za Peugeot

Mjini Kehancha, magari yanayongoja abiria wa Isebania na Ntimaru siku hizi karibu yote ni Probox. Peugeot 504 ya miaka ya 1970 ikipita hapo, wazee husimamisha mazungumzo na kuitazama mpaka ipotee. Wao waliipanda walipokuwa vijana, enzi zile safari ya Kisumu au Nairobi ilipimwa kwa neno moja tu: Pijo. Iliyofikishwa kwa fundi ninayetaka kumwelezea hapa ni ile ya familia, stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, zote zikitazama mbele. Ilikuja ikitoa moshi wa samawati.

Gari hili lilipotengenezwa lilipewa vitu ambavyo magari mengi ya wakati wake hayakuwa navyo. Nyuma lina springi nne za duara, mbili kila upande, ndiyo maana likijaa watu na magunia halikalii mkia. Gia yake iko kwenye usukani. Feni yake haizunguki muda wote: katikati kuna koili ya sumaku ya umeme, na maji yakipata joto la kiwango fulani swichi iliyo kwenye radieta hupeleka umeme, sumaku ikanasa, feni ikaanza kazi. Maji yakipoa, sumaku huachia. Madereva wengi walichoshwa na koili hiyo, wakakaza skrubu zake ili feni izunguke daima. Ya gari hili haijaguswa, na fundi alipoiona alitikisa kichwa kwa furaha kabla hata hajauliza gari linaumwa nini.

Karakana yake ni mabati manne juu ya nguzo, ubavuni mwa mparachichi. Sakafu ni udongo mwekundu ulioshindiliwa kwa oili ya miaka mingi. Anaye kijana mmoja wa spana, na turubai moja safi ambalo halikanyagwi na mtu yeyote, kwa kuwa ndiko vipuri vinakolala.

Hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kuchomoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya turubai kwa mpangilio wa silinda zake. Kwenye Peugeot silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa giaboksi, wakati mafundi wa magari mengine huhesabu kuanzia kwenye radieta, kwa hiyo alimtaka kijana ahesabu kwa sauti. Plagi mbili zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, jambo zuri. Mbili zilikuwa nyeusi na zimelowa oili. Akaweka geji ya kupimia mgandamizo kwenye kila tundu huku kijana akizungusha stata. Silinda ya kwanza na ya pili zilikuwa hoi. Hapo akachukua kijiko kimoja cha oili, akakimimina kwenye silinda ya kwanza, akapima tena. Mshale ukapanda. Oili ilikuwa imeziba pengo kati ya ringi na ukuta wa silinda kwa muda, kwa hiyo kasoro iko hapo. Ingekuwa vali, mshale usingejali kijiko hicho. Kazi hiyo ilichukua karibu asubuhi nzima, na nadhani ndiyo iliyomwokolea mwenye gari pesa nyingi kuliko kazi nyingine zote.

Hedi ya injini hii ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Boliti zake alizilegeza kidogo kidogo, akianzia za pembeni akiingia katikati, ili hedi isipinde. Zilipotoka zote, hakuinyanyua. Aliingiza vipande viwili vya mti kwenye matundu ya njia za hewa akaitikisa taratibu, ikizunguka kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka gasketi ikaachia yenyewe. Sababu ni slivu. Silinda za 504 hazikutobolewa kwenye bloku. Kila moja ni bomba nene la chuma linalosimama peke yake ndani ya bloku huku maji ya radieta yakilizunguka pande zote. Ukinyanyua hedi kwa pupa, gasketi iliyonata huenda nazo, maji yanashuka kwenye oili, na slivu ambayo haikuwa na tatizo inapata tatizo. Leo zote zingetolewa, lakini alifanya vile vile. Mkono uliozoea hivyo hauna njia ya pili.

Mitalimbo midogo inayosukuma vali aliichomeka kwenye kipande cha katoni chenye matundu manane yenye namba. Kila mmoja utarudi ulikotoka, kwa sababu umesagana na mwenzake miaka yote hiyo. Kisha chini ya gari: sampu ikashuka, vifuniko vya koneksheni vikafunguliwa na kuwekewa alama kwa patasi ndogo, pistoni zikasukumwa juu kwa mpini wa jembe uliokatwa. Slivu zikafuata moja moja, zikiwa zimevaa kutu ya maji upande wa nje na kung'aa upande wa ndani. Aliingiza kidole katika ile ya kwanza, karibu na juu, mahali ringi ya juu inapogeukia, akamwita kijana naye aingize. Palikuwa na ngazi. Kuiona ni vigumu, ukucha ulikwama.

Nafasi hiyo ya kutoa silinda nzima na kuweka nyingine haikuwa ya magari yote ya wakati huo. Huko Marekani, General Motors walitoa gari dogo la Chevrolet Vega kuanzia mwaka wa modeli wa 1971, na injini yake ya lita 2.3 ilikuwa na bloku ya alumini isiyo na slivu kabisa. Pistoni zilipita moja kwa moja juu ya alumini iliyochanganywa na silikoni. Lilikuwa wazo la wahandisi wenye akili. Hata hivyo injini ikichemka, ukuta wa silinda ulichubuka, oili ikaanza kuungua, na wenye magari wakajikuta wakibadilisha injini nzima. Mafundi wa mitaani huko walipata dawa yao: walitoboa bloku na kuitia slivu za chuma. Yaani waliipa Vega kile ambacho Peugeot ya Kehancha ilizaliwa nacho. Hata ile Cosworth Vega ya 1975 na 1976, yenye vali 16 na petroli inayopulizwa kwa udhibiti wa kielektroniki, iliyotengenezwa 3,508 tu, ilisimama juu ya bloku ya alumini ya namna hiyo hiyo.

Seti mpya ilitoka Nairobi, Kirinyaga Road: slivu nne, pistoni nne, pini na ringi, zote katika sanduku moja, kwa sababu kila pistoni huuzwa na slivu yake na hazichanganywi. Kipenyo ni milimita 88. Kijana alitaka kuanza kuzipachika siku hiyo hiyo. Fundi alizifunika kwa gazeti akamkabidhi kijiti cha shaba, kitambaa na bakuli la mafuta ya taa.

Siku nzima iliyofuata ilikuwa ya kusafisha. Chini ndani ya bloku kuna ukingo mwembamba ambao slivu hukalia. Miaka zaidi ya arobaini ya maji ya visima na mito ilikuwa imejenga juu yake gamba gumu la chokaa na kutu. Chuma kikali kingechimba ukingo wenyewe, kwa hiyo kijiti kilikuwa cha shaba, laini kuliko chuma cha bloku. Kijana alikwaruza, akafuta, akamulika kwa tochi, akasema, "Mzee, imekuwa safi." Fundi aliinama, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wote macho yakiwa yamefumbwa. "Mura, rudi saa tatu hapo," akasema, akimaanisha mahali mshale mfupi wa saa unapoelekea. Kulikuwa na chembe moja. Chembe hiyo ingeinamisha slivu kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini gasketi ingekijua ndani ya mwezi.

Kisha vipimo, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini watu hutoka Mabera na hata ng'ambo ya mpaka kumtafuta mtu huyu. Slivu hukaa juu ya gasketi nyembamba za chini zinazouzwa kwa unene tofauti. Ikikaa vizuri, kichwa chake huchomoza juu ya bloku kwa kiasi kidogo sana, ili hedi ikikazwa iibane. Ikichomoza pungufu, maji yatapenya. Moja ikiizidi jirani yake, hedi haitalala sawa. Fundi alisimamisha slivu ya kwanza, akaikandamiza kwa bapa la chuma lenye boliti mbili, akaweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na kuanza kupitisha majani ya fila geji, moja baada ya jingine, akitafuta lile linalopita kwa ukinzani mdogo kama wa karatasi kati ya vidole viwili. Alipima pande nne za kila slivu. Aliandika kwa chaki kwenye mlango wa gari. Ya tatu ilikuwa chini kuliko wenzake, akaitoa, akabadilisha gasketi, akairudisha, akapima upya zote nne, hata zile ambazo hazikuguswa. Alibadilisha tena. Mvua ikaja ikapiga mabati, akafunika bloku kwa shuka na kungoja iishe, maana tone moja la maji machafu lingemrudisha kwenye kijiti cha shaba. Mvua ilipokatika namba nne za chaki zilikaribiana kiasi kwamba hakukuwa na la kusema.

Ringi zina kipimo chao pia. Kila moja aliiingiza peke yake ndani ya slivu, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae mraba, akapima mwanya wa ncha zake. Mbili zilibana, alizisugua kwa tupa ndogo, mara tatu tatu, akipima kila baada ya hizo tatu. Ringi ikipata joto hutanuka, na ncha zikigusana huvunjika. Pistoni ziliingia mshale ukielekea mbele, mianya ya ringi ikiwa imegawanywa isilingane, slivu zikiwa zimepakwa oili mpya kwa kiganja.

Vali alizisaga mwenyewe kwa fimbo yenye mpira wa kunyonya na dawa ya kusagia, akizungusha huku na huku, akinyanyua, akizungusha tena, mpaka pete ya kijivu isiyokatika ikatokea kwenye kila vali na kwenye kiti chake. Akaigeuza hedi, akamimina petroli kwenye vyumba vya moto, akaenda kunywa chai. Aliporudi hakuna tone lililopenya.

Kufunga kulikwenda haraka kwa sababu hakuna kilichobaki cha kukisia. Boliti za hedi alizikaza kwa spana ya kipimo, safari hii kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Tapeti aliziweka 0.10 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa vali za moshi, injini ikiwa baridi, kwa utaratibu wa Peugeot wenyewe: vali ya moshi ya kwanza ikifunguka kabisa, unarekebisha ya kuingiza ya tatu na ya moshi ya nne, na kuendelea hivyo kwa kufuata mfuatano wa moto, moja, tatu, nne, mbili. Kijana aliutaja mfuatano huo bila kuulizwa. Fundi hakumsifu, alimpa spana.

Wapo wanaodhani sifa ya magari haya Afrika Mashariki ilitoka kwenye matangazo. Ilitoka barabarani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Lakini mbio hizo zilikuwa za siku chache, zikiwa na mafundi wa kiwanda kando ya njia. Gari hili limebeba watu, mahindi na tumbaku ya Kuria kwa zaidi ya miongo minne, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kiwanda. Kwangu mimi ushindi huo ni mkubwa zaidi.

Injini ilishika mara ya pili ya kuzungushwa. Moshi mweupe wa oili ya kufungia ulitoka kidogo ukaisha. Fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini sikioni, akasikiliza kila silinda, kisha akangoja. Maji yalipopata joto, sumaku ya feni ikanasa kwa mlio mmoja mkavu, na pangaboi likaanza. Akazima. Kesho yake injini ikiwa imepoa alilegeza kila boliti ya hedi kidogo na kuikaza upya, moja moja, kwa mpangilio ule ule. Mwenye gari aliambiwa asivuke kilomita 80 kwa saa kwa kilomita elfu moja za kwanza, na arudi abadilishiwe oili.

Ziko 504 nyingi zilizolala nyuma ya maghala, kuku wakitagia viti vya nyuma, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanazipitia wakiwa na mizani. Kama moja ni yako, usikubali ipimwe kwa kilo kabla fundi wa aina hii hajaifungua hedi na kupitisha kidole ndani ya slivu. Na kama una kijana anayependa injini, mpeleke kwa mzee wa namna hii mwaka huu, aanze na kijiti cha shaba.