Kuotesha Viumbe wa Ziwa Magadi

Rangi ya waridi inayotanda juu ya Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ni ya viumbe hai wasioonekana kwa macho matupu. Maji yao yana pH ya 10 hivi, na chumvi ya kuwaua samaki na mimea karibu yote tunayoijua. Mmoja wao, Natronobacterium gregoryi, alipewa jina lake mwaka 1984, kwa kuwa walikuwapo watu waliojua kumwotesha.

Kazi hiyo naistahi kuliko mashine yoyote ya maabara. Kiumbe huyu hafuati mazoea yetu. Maji matamu, ambayo kwetu ni uzima, humpasua. Basi chakula chake hutiwa chumvi nyingi na magadi, na magnesiamu chembe tu, maana ziwa lenyewe karibu halina. Kambini, sufuria ya presha juu ya jiko la gesi hutosha kuua vijidudu visivyoalikwa. Lakini magadi huchemshwa peke yake na chakula peke yake, ndipo vikutanishwe vingali vya moto. Ukivipika pamoja, chakula hugeuka kahawia na agari, ambayo ndiyo ya kukigandisha, hulegea, ikakataa kuganda. Sahani za kuoteshea nazo hufunguliwa kando ya mwali wa taa ya spiriti, upepo ukitulia, kisha hufunikwa upesi.

Agari tumeipata kwa Fanny Hesse, mkazi wa Ujerumani aliyeizoea jikoni na kumshauri mumewe aitumie, mwaka 1881. Kabla yake walitumia jelatini, ambayo kwa joto la Magadi ingeyeyuka kabla ya adhuhuri.

Halafu ni kungoja. Bakteria wa tumboni hujaza sahani kwa usiku mmoja. Hawa wa Magadi huchukua wiki na zaidi kabla nukta nyekundu haijajitokeza. Sahani hutiwa kwenye mfuko wa plastiki zisikauke, na wengi huzitupa mapema mno. Naumia nikiliona hilo.

Siku hizi DNA husomwa moja kwa moja kutoka kwenye tope, na majina hupatikana kwa maelfu. Nayafurahia, lakini jina halizaliani. Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimwotesha Thermus aquaticus kutoka chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, katika miaka ya 1960, wakamkabidhi kwenye hifadhi ya vijidudu. Mbinu ya kunakili DNA iitwayo PCR, iliyobuniwa mwaka 1983, ilipohitaji kimeng'enya kinachostahimili joto, kilitolewa kwa uzao wake, uliokuwa bado hai.