Sifa za Msobanuzi

Nkusi Thomas alipofariki Afrika Kusini mwezi Agosti 2022, Wanyarwanda wengi walihisi wamempoteza mtu wa nyumbani. Walimjua kwa jina la Yanga, na zaidi kwa sauti yake, iliyokuwa ikisikika juu ya filamu za watu wa mbali, ikizieleza kwa Kinyarwanda katika kazi tunayoiita agasobanuye. Huku Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ambako mtu huamka na Kinyarwanda, akavuka daraja kwenda kuuza Bukavu kwa Kiswahili, na akakutana na Kifaransa au Kiingereza kwenye karatasi, sauti ya namna hiyo haikuwa pambo. Lakini sifa anazopewa msobanuzi, yaani mwenye kazi hiyo, kwa kawaida ni ndogo kuliko stahili yake. Husemwa kwamba alichekesha, na kwamba aliwasaidia wasiojua lugha. Mimi nadai zaidi ya hapo: msobanuzi ndiye mhakiki wa kwanza wa tamthilia tuliyempata katika eneo hili. Alichagua cha kutazamwa, akakipendekeza, akatoa maoni yake waziwazi na kuyajibia mbele ya watu. Tukimwacha atoweke, tunapoteza namna nzima ya kuzungumza kuhusu hadithi za runinga, hasa zile ambazo bila mazungumzo hazifiki.

Tazama anavyofanya kazi msobanuzi hodari. Sauti ya filamu anaipunguza bila kuizima, maana kilio cha mwigizaji kina kitu ambacho maneno hayawezi kukibeba. Kinywa chake kimoja kinawasemea wote: steringi, adui, mama mzee, askari wa doria, naye anawatofautisha kwa kasi na uzito wa sauti tu. Sentensi yake lazima iishe kabla risasi haijalia, la sivyo watu watasikia mlio bila kujua aliyelengwa ni nani. Penye ngumi anaiachia picha ijisemee. Penye watu wawili wanaokunywa chai na kuongea kwa upole ndipo ufundi wake unapopimwa, kwa kuwa hapo pana uamuzi wa kufanya. Mmoja wao anadanganya. Je, awaambie watu sasa, au awaache wagundue? Msobanuzi mchanga hutoboa siri papo hapo, akaona fahari kwamba yeye ameshaitazama filamu mpaka mwisho. Aliyekomaa hudokeza kidogo tu, labda kwamba bwana huyu leo ana adabu kuliko siku zote, kisha akanyamaza. Dokezo hilo halimo kwenye filamu. Ni maoni yake, na ameyaweka mahali ambapo mtazamaji atayakumbuka nusu saa baadaye, atakapoona adabu ile ilikuwa ya nini. Kuna kurasa nyingi za uhakiki zilizochapishwa vizuri ambazo hazijawahi kumwandaa msomaji kwa ustadi kama huo.

Kwamba kazi hii ni maoni kabla ya kuwa tafsiri, ushahidi mzuri uko Kampala. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, ni ya Waganda na iliwalenga Waganda, hata hivyo toleo lake lililozunguka dunia lina sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake, akisifu, akihimiza, akiwaeleza watu nani wa kumtazama kwa makini. Ngumi hazihitaji kufasiriwa. Zilihitaji mtu wa kuzipima. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili enzi za mikanda ya VHS, na jina lake likawa sababu tosha ya mtu kununua mkanda. Hata Japani, wakati wa filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi waitwao benshi, waliojulikana sawa na nyota wa picha zenyewe, mpaka filamu zenye sauti zilipowaondoa kazini katika miaka ya 1930. Watu wa mabara mawili, wasioigana, walifikia jambo lilelile: hadithi ya kwenye kioo ilihitaji mtu hai wa kuitolea neno.

Waingereza nao, ambao tamthilia zao za runinga zimesukwa kwa ustadi wa pekee, walijua hivyo kwa njia yao. Kuanzia 1972 hadi 1982 Clive James aliandika safu ya runinga katika gazeti la The Observer, na watu waliisubiri Jumapili ili wapate cha kukubaliana nacho au kubishana nacho. Mfano wa karibu zaidi una nguvu kubwa zaidi. Januari 2024 kituo cha ITV kilionyesha kwa jioni nne mfululizo Mr Bates vs The Post Office, Toby Jones akiwa Alan Bates. Hadithi ni ya kweli: mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na kati ya 1999 na 2015 waendeshaji wa posta ndogo zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Waandishi wa habari walikuwa wameliandika jambo hilo kwa miaka mingi. Tamthilia ilipotoka, nchi nzima ikaizungumza, na kufikia Mei mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hatia hizo. Sasa iweke tamthilia hiyo mbele ya watazamaji wa Kamembe, mji wetu wa Rusizi, na maandishi madogo chini ya kioo: wataona Waingereza wenye makoti wakibishana juu ya mashine ya hesabu. Mkabidhi msobanuzi anayejua kazi, naye atawaambia kwamba huyu ni kama wakala wa MoMo, pesa za simu, ambaye simu inamdai laki mbili asizozigusa, anaziba pengo kwa akiba ya nyumbani, na kila anapopiga simu makao makuu anajibiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Baada ya hapo hakuna atakayeinuka kwenye benchi. Ndiyo tamthilia ya Kiingereza ninayoipendekeza kwanza kwa mtu wa Rusizi, na ninaipendekeza pamoja na msobanuzi wake.

Ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu inatuhusu. Black Earth Rising ya Hugo Blick, vipindi vinane vilivyoonyeshwa BBC mwaka 2018, inamfuata Kate Ashby, mtoto aliyeokolewa Rwanda na kulelewa na mwanasheria Uingereza. Michaela Coel anamwigiza kwa hasira iliyofungwa ndani, na ni kazi ya kusifiwa. Yumo pia Lucian Msamati, mwana wa wazazi wa Kitanzania. Blick aliamua vizuri pale alipokataa kuigiza mauaji, akayaweka kumbukumbu hizo katika michoro ya kijivu inayosogea. Heshima iliyomo katika uamuzi huo inaonekana. Lakini sehemu za Rwanda zilipigwa Ghana, na Wanyarwanda katika tamthilia hiyo wanaelezana kwa Kiingereza kirefu mambo ambayo Wanyarwanda wangeyaelewa kwa kunyamaza tu. Siri ya asili ya Kate sitaitoa hapa, kwa sababu maana ya kupendekeza ni kumwachia mwenzako mlango ukiwa umefungwa. Itoshe kwamba hadithi inavuka mpaka hadi Zaire ya wakati ule, na mtu aliyekulia kando ya Kivu ana haki ya kuuliza maswali ambayo mhakiki wa London hawezi hata kuyafikiria. Kazi kama hii haistahili kutazamwa na mtu mmoja mmoja, kila mtu na simu yake.

Watasema wasobanuzi hupotosha. Wengine hupotosha, ndiyo, kama kuna wahakiki wanaosoma nusu ya kitabu. Ubaya wa fundi mmoja hauondoi thamani ya ufundi. Watasema vijana sasa wanajua Kiingereza, kwa kuwa shule zetu zilihamia lugha hiyo kuanzia 2008. Lakini kuyajua maneno yanayosemwa katika Peaky Blinders hakumwambii mtu kwa nini wanaume wale wa Birmingham wanalala vibaya. Lazima aelezwe kwamba wametoka kwenye vita vya 1914 hadi 1918, na aelezwe wakati tukio liko kwenye kioo, si kesho yake. Watasema pia kwamba wasobanuzi hupenda ngumi na hawana subira na tamthilia za maongezi. Ngumi ndizo zilizojaza mabenchi, kweli, ila filamu za Kihindi zenye wakwe, mahari na machozi ya saa tatu nazo zilisimuliwa, na watu wakakaa mpaka mwisho. Hoja nzito ni ya hakimiliki: kazi nyingi zilisimuliwa bila wenyewe kuombwa, na hilo ni kosa. Dawa yake ni leseni ambayo msobanuzi wa mji mdogo anaweza kuimudu. Ikumbukwe kwamba yeye pia anaibiwa: sauti yake inanakiliwa kutoka flashi hadi flashi, na mapato yanabaki kwa mwenye kompyuta.

Kilichochukua nafasi yake kinasikitisha. Simu inakwambia utaipenda tamthilia hii kwa sababu wengine wameibonyeza, na ikikuchosha hakuna wa kumlalamikia. Yanga aliposifu filamu, aliiwekea rehani jina lake. Vipande vya dakika tatu vinatoboa mwisho kabla mwanzo haujaonekana, na mtu anajihesabu ameitazama. Wapo wanaoendeleza kazi, akiwemo Junior Giti, mdogo wake Yanga, na wanastahili kuungwa mkono kuliko tunavyofanya. Lakini mazingira ya kumlea fundi yamebadilika. Aliyeanza kwenye chumba cha video alikuwa na mabenchi ya watu mbele yake. Akikosea walimzomea, akipatia walinyamaza, na ndivyo alivyojifunza kuzuia ulimi wake pale penye chai. Msobanuzi kijana wa leo hurekodi peke yake chumbani, akipakia mtandaoni usiku uleule ili asitanguliwe na mwingine, na kinachomrudia asubuhi ni idadi ya watazamaji, isiyomwonyesha ni wapi alisema neno moja zaidi.