HADHANA BAADA YA MIAKA SABA: KITABU KINASEMA NINI, NA MAHAKAMA ZINAAMURU NINI

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Swahaba zake. Amma ba'ad.

Miongoni mwa kauli zilizoenea mno katika miji yetu ya pwani, na ambayo husemwa kwa sauti ya mtu anayesoma kitabuni, ni hii: kwamba mtoto wa waliotalikiana ni wa mama mpaka atimize miaka saba, kisha ni wa baba. Imesemwa mabarazani, imesemwa katika vikao vya suluhu, na wako maimamu walioisema juu ya mimbari. Kwa kauli hiyo baba hukaa akihesabu miezi kama mwenye deni anayengojea muda wake ufike, na mama naye huishi na hofu ya siku mlango utakapogongwa. Upande wa pili imezuka kauli nyingine, kwamba malezi ya kugawana yanayoamriwa na mahakama leo, mtoto awe huku nyakati fulani na kule nyakati fulani, ni mambo ya Kizungu yasiyojulikana katika fiqhi.

Tunasema kuwa kauli zote mbili hazimo katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi'i ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii. Wala hatusemi hivi kwa ijtihadi mpya. Ni mambo ambayo kila aliyekaa mbele ya mwalimu amesomeshwa, kisha tukayaacha darasani.

Tuanze na kitabu kidogo. Matni ya Abu Shuja', ambayo husomeshwa vijana kabla hawajaota ndevu, ina mlango mfupi wa hadhana. Humo mwanafunzi husoma kwamba mume akimwacha mkewe naye ana mtoto kwake, basi mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumlea hadi miaka saba, kisha mtoto hupewa khiyari baina ya wazazi wake, na yeyote atakayemchagua atakabidhiwa. Khiyari, ndugu msomaji. Hakuna humo kukabidhiwa baba moja kwa moja, wala Abu Shuja' hakutofautisha mvulana na msichana.

Na asili ya hukumu hiyo ni Hadithi ya Abu Hurayra (R.A) waliyoipokea Abu Daud na wengineo, ya mwanamke aliyekuja kwa Mtume (S.A.W) kushitaki kwamba mumewe anataka kumchukua mwanawe, ilhali mtoto huyo anamnufaisha na kumtekea maji katika kisima cha Abu Inaba. Mtume (S.A.W) aliwaambia wapige kura. Baba akakataa kushindaniwa mwanawe. Hapo Mtume (S.A.W) akamwonyesha mtoto baba yake na mama yake, akamtaka aushike mkono wa amtakaye, naye akaushika mkono wa mama yake wakaenda zao. Tuzingatie kwamba mtoto anayeteka maji kisimani si mchanga. Lau hukumu ingekuwa kwamba mkubwa ni wa baba, kisa hiki kingemalizika kwa namna nyingine kabisa.

Sasa tuingie katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), kitabu ambacho ndicho tegemeo la makadhi wa pwani, na ambacho hata majaji wa Kiingereza wa zama za ukoloni walikuwa wakikirejea kwa tafsiri ya Howard ya mwaka 1914, iliyotokana na tafsiri ya Kifaransa. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo tunapoomba subira ya msomaji.

Imam Nawawi hakuishia kusema kwamba mtoto achague. Anaeleza nini kitatokea baada ya kuchagua. Mvulana akimchagua mama, atakuwa kwa mama usiku na kwa baba mchana, ili baba amtie adabu, ampeleke chuoni na amfundishe kazi. Msichana akimchagua mama, atakuwa kwake usiku na mchana, na baba atamzuru kwa kadiri ya desturi. Mvulana akimchagua baba, haimjuzii baba kumzuia kwenda kumzuru mama yake. Msichana aliye kwa baba anaweza kuzuiwa kutoka, lakini mama hazuiwi kuingia kumwona, na ziara hiyo ni mara moja katika kila siku kadhaa. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza: baba akiridhia itakuwa nyumbani kwake, la sivyo kwa mama. Mtoto akichagua mmoja kisha akabadili rai akamtaka wa pili, atahamishiwa kwa huyo wa pili. Akiwachagua wote wawili, itapigwa kura.

Basi tuwaulize wanaosema malezi ya kugawana hayajulikani katika fiqhi: usiku kwa mama na mchana kwa baba ni nini? Tena mgawanyo huu una maana ndani yake. Mama kapewa ulezi na utulivu, baba kapewa ufundishaji, na ugonjwa ukafanyiwa fungu lake mbali. Mwanazuoni wa Nawa, karne saba na zaidi zilizopita, aliwaza habari ya mtoto mwenye homa ambaye wazazi wake hawasemezani. Amri ngapi za mahakama tulizozisoma zimemuwaza mtoto huyo? Ni chache mno.

Kauli ya "saba kisha baba" imetoka wapi basi? Sehemu yake ni mchanganyiko wa madhehebu. Kwa Mahanafi mvulana hukaa kwa mama hadi saba na msichana hadi tisa kwa kauli inayofutuliwa, kisha huhamia kwa baba. Kwa Mahanbali msichana akifika saba huwa kwa baba, na mvulana huchagua. Kwa Malik ni kinyume, mvulana hubaki kwa mama hadi abaleghe na msichana hadi aolewe na kuingiwa. Mtu akisikia mawaidha kutoka kila upande bila kujua ya nani ni ya nani, hujikusanyia hukumu isiyo ya yeyote. Sehemu nyingine ni desturi za koo zetu kumhesabu mtoto kuwa mali ya upande wa kiumeni. Na kwa Tanzania Bara imeongezeka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 125 kinaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora awe na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Watu wameisoma kinyumenyume, wakadai kwamba basi aliyezidi saba ni wa baba, na sheria haikusema hivyo. Imesema cha kutangulizwa ni maslahi ya mtoto, na ikataka yaangaliwe matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto akiwa na umri wa kutoa rai yake, na mila za jamii yao.

Na hata hiyo khiyari isichukuliwe kijuujuu. Ibnul Qayyim katika Zad al-Ma'ad amesimulia kutoka kwa sheikh wake Ibn Taymiyya kisa cha wazazi walioshindania mtoto mbele ya hakimu. Mtoto akapewa khiyari akamchagua baba. Mama akamwomba hakimu amuulize kwa nini. Mtoto akajibu kuwa mama humpeleka chuoni kila siku na mwalimu humchapa, ama baba humwacha acheze na wenzake. Hakimu akampa mama. Na Ibnul Qayyim ameshikilia kwamba khiyari na kura havitangulizwi ila pale maslahi ya mtoto yanapopatikana kwavyo. Leo baba hamwachi tu mtoto acheze, bali humnunulia simu wiki moja kabla ya siku ya kesi. Kadhi au hakimu anayemuuliza mtoto "unamtaka nani?" mbele ya wazazi wote wawili, na wajomba wamejaa nje ya mlango, ameuliza neno la kitabu akaiacha fiqhi yake. Ni wajibu amkalishe faraghani na amuulize sababu.

Tugeukie amri zenyewe. Mfumo uliozoeleka ni kwamba mtoto atakaa na mama, baba atamchukua mwisho wa wiki au kila wiki ya pili, likizo zitagawanywa nusu kwa nusu, na baba atatoa kiasi fulani kila mwezi. Hatuupingi kwa kuwa umetoka mahakama ya dola. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 53 imefanya maslahi ya mtoto kuwa jambo la mwanzo na imewajibisha baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 2001 imejengwa juu ya msingi huo. Muislamu hana sababu ya kulichukia neno "maslahi ya mtoto". Wanazuoni wetu wamejadili kama hadhana ni haki ya mlezi au haki ya mlelewa, na aliyesoma mjadala huo halioni neno hilo kuwa geni.

Tunachokosoa ni kwamba mfumo huu umemfanya baba kuwa mtu wa kutembelewa. Mtoto humkuta siku za mapumziko, wakala chipsi, wakaenda ufukweni, akarudishwa Jumapili jioni. Shuleni hampeleki, chuoni hamjui mwalimu wake, na hajui mwanawe amefika juzuu ya ngapi. Imam Nawawi alimpa baba mchana wa siku za kazi, yaani zile saa za taabu. Ni kweli kwamba leo mchana wa mtoto uko shuleni, lakini maana haijafutika. Kadhi anaweza kuandika kwamba baba ndiye atakayempeleka mtoto shule asubuhi, au atamchukua baada ya Alasiri ampeleke madrasa na amrejeshe kwa mama baada ya Isha, na kwamba Ijumaa wataswali pamoja. Kama wazazi wako mtaa mmoja, au Kisauni na Majengo, hili linawezekana. Wakiwa mbali zaidi halitawezekana, na hapo mwisho wa wiki utabaki kuwa ndio mlango uliopo.

Tatizo la mamlaka nalo halifichiki. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya imezitaja hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kuwa ndizo kazi za Mahakama ya Kadhi, pale wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali mamlaka yake. Hadhana haikutajwa kwa jina, na majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja kama inaingia ndani ya hayo au ni ya Mahakama ya Watoto peke yake. Matokeo yake ni kwamba mzazi aliyeshindwa huku hukimbilia kule. Tanzania Bara haina Mahakama ya Kadhi ya dola. Wako makadhi wa BAKWATA, lakini amri ya malezi yenye nguvu hutoka mahakama za kawaida. Hili halitatuliwi kwa hutuba. Hata hivyo linamtaka kadhi aandike hukumu yenye hoja, ataje kitabu na ataje maslahi, ili jaji wa rufaa akiisoma aone fiqhi na si mazoea.

Limebaki suala la mama kuolewa, na hapa dhuluma ni nyingi. Mtume (S.A.W) alimwambia mwanamke kwamba yeye ana haki zaidi ya mwanawe maadamu hajaolewa, imepokewa na Abu Daud. Watu wameishika nusu wakaacha nusu. Mama wa mtoto mdogo akiolewa na mtu wa nje, haki haimrukii baba. Utaratibu wa Minhaj ni mama, kisha mama zake, kisha baba. Basi bibi mzaa mama humtangulia baba, na ndivyo alivyohukumu Abubakar (R.A) katika kisa cha Umar (R.A) na mwanawe Asim, kama kilivyo katika Muwatta: Umar alimkuta mtoto Qubaa akamchukua, bibi yake akamzuia, na Abubakar akamwamuru Umar amwachie. Aliyehukumiwa ni Umar, naye hakurudisha neno. Mama akiolewa na ami wa mtoto au mwingine mwenye haki ya ulezi, naye akaridhia, haki yake haianguki. Akiachwa, humrudia. Ni kweli kwamba mtoto aliyekwisha kupambanua, ambaye mama yake ameolewa na mtu wa nje, haki ni ya baba, na hili tunalisema ili tusije tukaambiwa tumechagua yanayotupendeza. Lakini mtoto wa miaka mitatu kunyakuliwa mikononi mwa bibi yake kwa hoja ya Hadithi hii ni kuifanyia Hadithi yasiyo yake.

Wala tusisahau safari, kwa kuwa wengi wa wazazi wetu siku hizi huenda Ghuba kufanya kazi. Kitabu kimetofautisha. Mmoja akisafiri kwa haja, mtoto hubaki na aliye mjini mpaka msafiri arudi. Ama safari ya kuhama moja kwa moja, baba ndiye mwenye haki zaidi, kwa sharti njia na mji aendao viwe na amani. Mama aliyekwenda Muscat kwa mkataba wa miaka miwili hajahama, amekwenda kwa haja. Akirudi, mtoto wake mchanga hurudi kwake, na baba hana hoja ya kusema kwamba alimtupa. Jambo hili liandikwe katika makubaliano kabla hajapanda ndege, pamoja na gharama za malezi, ambazo kwa mujibu wa wanazuoni wetu ni juu ya yule ambaye nafaqa ya mtoto imemlazimu, na huyo ni baba akiwa na uwezo, mtoto awe nyumbani kwake au asiwe.

Wallahu A'lam.