Ukungu wa San Andreas: Namna ya Kuijua Remasta Halali

Mtu anayesimama mbele ya duka Mtaa wa Aggrey, macho kwenye kioo cha inchi 55, akatangaza kuwa San Andreas mpya ni kali "kwa sababu iko safi," huyo anasifia TV. Gemu bado hajaliona. Nimechoka kuisikia sifa hiyo Kariakoo nzima, kwa wauza simu mpaka kwa madogo wa vibanda vya gemu, kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya wachache wanaotaka kujua wanachonunua.

Remasta, yaani gemu la zamani lililotolewa upya, haipimwi kwa sura ya mhusika. Kila mchakachuaji huanzia usoni, maana anajua mteja naye huanzia hapo. Fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko 60 zinazoyumba. Kitufe kikichelewa kuitika hata kidogo, weka pedi chini uondoke. Na redio ya gari ikipungukiwa nyimbo, kama ilivyopungukiwa San Andreas mpya, hilo si gemu lile tena. Hayo hayana mjadala.

Kinachompita mgeni kila siku ni ukungu.

San Andreas ya Oktoba 2004 ilitengenezwa kwa ajili ya PS2, mashine yenye memori ya MB 32. Humo ilibidi iingie miji mitatu, jangwa, misitu, mlima, na CJ, mhusika mkuu, anayenenepa akila ovyo na kukakamaa akienda jimu. Mashine isingeweza kuchora vyote kwa mpigo. Ikachora vya karibu, vya mbali vikafunikwa utando, na kule mji wa Los Santos utando wenyewe ukapakwa rangi ya machungwa ya jioni yenye moshi. Wasiojua wanauita udhaifu. Mafundi wa Rockstar, wenye gemu hilo, walikuwa wameugeuza udhaifu huo kuwa umbali. Ulitoka mjini na baiskeli bila kujua mbele kuna nini, na ulipofika mji wa San Fierro ulijiona umesafiri kweli, ilhali dunia yote ile ni kama kilomita 6 kwa 6 tu. Ni sawa na Kigamboni ya zamani: mkondo wenyewe mwembamba, lakini ulishuka Magogoni, ukasubiri pantoni, ukabanana na baiskeli na matenga, ukafika ng'ambo ukiwa mgeni. Daraja lilipofunguliwa 2016 maji hayakupungua hata tone, ila safari ndiyo iliyopungua.

Toleo jipya la Novemba 2021 likaja likaufuta ukungu. Ulipanda Mlima Chiliad ukaona: jangwa lililokuogopesha utotoni lilikuwa nyuma ya kichochoro. Ulirusha ndege, na miji yote mitatu ikakuangalia kwa pamoja, midogo, ikitia aibu. Watu wakapiga makofi: "Unaona mpaka mwisho!" Ndiyo, unaona mpaka mwisho. Nani aliwaomba watengenezaji wamwonyeshe mwisho?

Na si kwamba hawakuwa na pa kujifunzia. Silent Hill 2, gemu la kutisha la 2001, liliishi kwa ukungu wake. Mwaka 2012 likatolewa upya, ukungu ukapunguzwa, na mchezaji akaona mahali ambapo maji ya ziwa yanakatika ghafla na dunia inaishia hapo.

Kazi ya San Andreas walipewa Grove Street Games, watu walewale waliowahi kuishusha kwenye simu mwaka 2013. Picha za zamani zilinyooshwa kwa kompyuta, na kompyuta haijui inachonyoosha: mabango yakatoka na herufi zisizosomeka, na nati kubwa ya duka la donati, iliyokuwa na pembe sita, ikatoka duara. Mvua ikawa mistari myeupe inayokuziba macho. Rockstar waliomba radhi mwezi huohuo. Novemba 2024 kikaja kiraka kilichorudisha mwanga wa kizamani, yaani walikula gharama ya miaka mitatu kurudi walikotoka.

Kariakoo nayo ina wachakachuaji wake. Yupo aliyekuwa akiuza "San Andreas Remasta" kwenye bahasha ya nailoni: CJ kavaa jezi ya Simba, barabarani daladala, diski ya kuchoma kwa PS2 iliyochipiwa. Uongo mtupu. Lakini ukungu hakuugusa, kwa hiyo kwangu mimi aliharibu kidogo kuliko kampuni ya Marekani.

Fundi aliyenifundisha kutazama alikuwa na kibanda karibu na Msimbazi na TV ya chogo iliyopauka. Ukimletea diski, hakutazama katuni za mwanzo. Alipakia sevu kutoka memori kadi yake, akaenda ufukweni Santa Maria jioni, akatulia na kutazama juu ya maji. Mbingu ikikatika mstari badala ya kuyeyuka, anakurudishia diski bila neno. TV za chogo nazo ziliilainisha picha zenyewe. Mafundi wa zamani walichora wakijua hivyo. Leo TV hizo mnazipeleka kwa wauza vyuma chakavu.

Ukitaka kuona kazi ya heshima, tazama gemu la Oblivion lililotolewa upya Aprili 2025, miaka 19 baada ya lile la kwanza. Kampuni ya Virtuos iliiacha injini ya zamani iendelee kuendesha sheria za dunia, juu yake ikaweka injini mpya, Unreal Engine 5, ichore tu. Wameongeza mbio, wamerekebisha namna mchezaji anavyopanda ngazi, lakini hata ile sauti maarufu ya mwigizaji anayekosea na kuomba arudie wameiacha palepale. Huyo ni fundi anayejua kosa lipi ni la kurithiwa. Nje ya kuta za mji inakwama kwama, na mashine ya kawaida ya Kariakoo haiiwezi; hayo naweza kuvumilia. Ila kijani kile cha Cyrodiil, nchi ya gemu hilo, wamekikausha kikawa kahawia, na hilo siwasamehe.