Pengo Angani: Uhakiki wa Maombolezo ya Marubani wa Maonyesho

Ijumaa ya tarehe 21 Novemba 2025, siku ya mwisho ya Maonyesho ya Ndege ya Dubai, ndege ya kivita aina ya Tejas, iliyoundwa India, ilianguka mbele ya watazamaji ikiwa katikati ya onyesho lake. Rubani wake, Namansh Syal, ofisa wa Jeshi la Anga la India, alipoteza maisha. Niliiona ajali hiyo kwenye simu jioni ileile. Niliitazama, nikairudia, nikaipunguza kasi ili nione vizuri jinsi pua ilivyoinama, nikairudia tena. Nadhani ilikuwa mara ya tano au ya sita ndipo nilipokumbuka kwamba ndani ya ndege ile alikuwamo mtu.

Naanza na jambo hili kwa sababu mhakiki anayewanyooshea kidole mashabiki wa ndege bila kukiri kwamba naye ni mmoja wao atakuwa anadanganya. Tangu nikiwa sekondari nimekuwa nikitazama ndege zikipinduka, zikichora mioyo ya moshi na kupishana kwa kasi inayokatisha pumzi. Sijawahi kusimama kwenye uzio wa uwanja wowote wa maonyesho. Hata hivyo nimeshangilia, na nimewahi kuandika rambirambi kwa ajili ya watu nisiowajua kwa sura.

Kilichonisukuma kuandika ni kile kilichofuata baada ya ajali. Taylor Hiester, rubani Mmarekani aliyekuwa Dubai pamoja na kikosi cha ndege za F-16, alieleza baadaye kwamba alirudi uwanjani muda mfupi baada ya ajali akitarajia kukuta kimya. Akakuta mtangazaji bado ana bashasha na umati unafuatilia ndege zilizofuata. Kikosi chake kikaamua kutoruka tena. Mashabiki wakagawanyika: wapo waliosema kwamba onyesho lazima liendelee, wapo walioona kuendelea kule ni kumkanyaga marehemu. Nilipokuwa nawasoma wote wawili niligundua kwamba walikuwa wakibishana kuhusu utanzu. Walikuwa wanauliza, bila kuutaja, namna tanzia ya rubani inavyopaswa kuwa.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunaifahamu tanzia. Katika mwaka wangu wa kwanza tulipewa zoezi la kuandika salamu za rambirambi, nami niliandika, kama kila mtu darasani, kwamba marehemu "ameacha pengo lisilozibika". Mhadhiri alipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Pengo gani? Lionyeshe." Nilichukia siku ile. Kiswahili si lugha yangu ya kwanza, na nilikuwa nimeuokota usemi huo kwa bidii nikidhani ndio ufasaha wenyewe. Sasa naona alikuwa na haki. Pengo ni sitiari iliyochakaa. Tunaitumia kwa mkurugenzi, kwa mwalimu, kwa mchezaji wa mpira, na hakuna anayeona meno wala ukuta wala nafasi yoyote iliyo wazi.

Marubani wameifufua sitiari hiyo bila kutumia neno hata moja. Katika mazishi na kumbukumbu zao kuna desturi ya kurusha ndege chache, mara nyingi nne, katika umbo la kabari. Zinapofika juu ya waombolezaji, moja inajitoa na kupanda wima hadi ipotee, nyingine zinaendelea bila kusogeleana. Pengine nafasi huwa wazi tangu mwanzo. Jina lake la Kiingereza lina maana ya mtu asiyekuwepo. Mimi nitaiita safu yenye pengo. Kwa kigezo chochote cha uhakiki wa fani, hii ni kazi kubwa. Uzito wake wote umo katika kanuni moja ya kirubani: ndege za safu hushika nafasi zake kwa kuangalia jirani. Jirani akiondoka na wewe ukabaki palepale, umeshikilia nafasi kwa kumtazama mtu ambaye hayupo. Mhadhiri wangu alitaka nimwonyeshe pengo. Basi, ni lile.

Mfano ulionigusa zaidi haukuwa wa mazishini. Tarehe 20 Agosti 2011 Jon Egging, rubani mwenye umri wa miaka 33 wa kikosi cha Uingereza cha Red Arrows, alikufa karibu na Bournemouth ndege yake ya Hawk ilipoanguka. Novemba mwaka huohuo kikosi hicho kikampoteza Sean Cunningham. Red Arrows hujulikana kwa ndege tisa. Tisa ndiyo sura yao. Msimu wa 2012 walifanya maonyesho kwa ndege saba. Sababu zilikuwa za kiutendaji, kwani rubani wa kikosi kama kile hapatikani kwa mwezi mmoja. Lakini shabiki aliyezoea kuhesabu tisa akahesabu saba alisoma tanzia ndefu kuliko hotuba yoyote, na iliandikwa upya kila wikiendi msimu mzima.

Kwa hiyo umbo la maombolezo haya nalistahi. Ugomvi wangu uko kwenye maneno.

Sentensi inayorudiwa kuliko zote, kila rubani wa maonyesho anapokufa, ni kwamba amekufa akifanya alichokipenda. Zipo na tasfida nyingine: ameruka kuelekea magharibi, atakiwe anga ya buluu, upepo umsukume kutoka nyuma. Hizo sina neno nazo. Sisi pia tuna "ametangulia mbele ya haki" na "ameaga dunia", na hakuna anayedhani kwamba marehemu alipunga mkono. Tasfida hufunika sura ya kifo ili waliobaki waweze kuzungumza. Sentensi ile ya kupenda hufanya kazi nyingine. Inakigeuza kifo kuwa sehemu ya kipaji. Inaunganisha mapenzi na ajali kana kwamba moja limezaa jingine kwa ridhaa ya mhusika, na mara inapotamkwa, anayeuliza "kwa nini ilianguka?" anaonekana hana adabu. Kwetu sentensi yenye kazi hiyohiyo ni "kazi ya Mungu haina makosa". Sibishani na imani ya mtu. Nasema tu kwamba nimewahi kuisikia kwenye misiba ambapo kazi iliyokuwa na makosa ilikuwa ya dereva wa basi.

Tumpime Egging kwa sentensi hiyo. Onyesho la siku ile lilikuwa limekwisha. Kikosi kilikuwa kinarejea kutua. Katika kona kali ya kujipanga kwa ajili ya kutua, mwili wa rubani hulemewa na uzito mara kadhaa ya uzito wake, damu hukimbia kichwani, na uchunguzi ulielekeza kwenye hali hiyo: kwamba huenda alipungukiwa na fahamu kwa sekunde chache ambazo zilitosha. Mke wake alikuwa miongoni mwa watazamaji siku hiyo. Je, alichokipenda kilikuwa kulemewa? Alipenda kuruka na kurudi. Nusu ya pili ya mapenzi hayo ndiyo iliyonyimwa nafasi, na sentensi yetu inaimeza.

Kisa cha Cunningham kinanipa ushahidi wa upande wa pili. Yeye hakuwa angani. Alikuwa ndani ya ndege iliyosimama chini, kambini Scampton, kiti chake cha kujiokolea kilipofyatuka chenyewe na parachuti ikakataa kufunguka. Hapakuwa na anga ya buluu, hapakuwa na umati, na sentensi ya kufa akifanya alichokipenda ilikosa pa kushika. Palibaki bolti iliyokazwa kupita kiasi. Mwaka 2018 kampuni iliyotengeneza kiti ilikiri kosa la usalama na kutozwa faini ya pauni milioni 1.1. Sisemi kwamba kifo cha angani hakichunguzwi. Cha Egging kilichunguzwa kwa kina. Nasema kuhusu lugha ya mashabiki: ushairi ulipokosekana, watu wengi zaidi waliitazama bolti.

Kuna udhaifu mwingine, na huu umo ndani ya umbo lenyewe nililolisifu. Safu yenye pengo inaweza kumlilia yule tu aliyekuwa safuni. Tarehe 22 Agosti 2015 huko Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege ya zamani aina ya Hawker Hunter ilishindwa kukamilisha mzunguko wa wima na kuangukia barabara ya A27. Rubani alinusurika, na mwaka 2019 mahakama ilimwachia huru dhidi ya mashtaka ya kuua bila kukusudia. Wanaume 11 walikufa. Wengine walikuwa wakipita tu, wakiwa na safari zao za Jumamosi. Pengo lao liko wapi angani? Hakuna ndege itakayojitoa kwa ajili ya mtu aliyekuwa ndani ya gari. Wenyeji wa Shoreham walilijibu hilo kwa njia yao: kando ya Mto Adur, karibu na daraja la zamani la miguu, kuna kumbukumbu ya matao 11, moja kwa kila mtu. Matao hayapai. Yamesimama pale mtu anapopita kwa miguu, na nadhani wasanii walioyabuni waliielewa hadhira yao kuliko waandishi wengi wa rambirambi za marubani.

Nilipowasomea wenzangu sehemu hii, mmoja alinipinga kwa ukali. Alisema nawanyang'anya mashabiki haki ya kulia. Kwamba wao ndio wanaokumbuka. Miaka inapita, serikali zinasahau, lakini shabiki bado anajua kwamba ndege ya Egging ilikuwa na namba XX179. Ni kweli, na nililazimika kuipunguza makali rasimu yangu. Tena hoja yake inaweza kupewa nguvu kuliko alivyoipa mwenyewe. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji. Fanani huongeza au hupunguza kwa kuwatazama waliokaa mbele yake. Onyesho la ndege nalo ni utendaji wa namna hiyo. Bila watu kwenye uzio, hakuna sababu ya kupindua ndege karibu na ardhi kiasi kile. Basi shabiki ni mfiwa halali, kwa sababu ni mshiriki. Ila ushiriki huohuo unamfunga: hawezi kudai nafasi kwenye jamvi la msiba halafu akasema yeye alikuwa mpita njia.

Hapa ndipo suala la kuendelea au kutoendelea linapopata uzito wake. Tarehe 6 Septemba 1952, katika maonyesho ya Farnborough, ndege ya DH.110 ya John Derry ilivunjika vipandevipande angani. Derry na mwenzake Anthony Richards walikufa, pamoja na watazamaji 29. Mabaki yalipoondolewa kwenye njia ya kurukia, rubani Neville Duke alipanda ndege yake ya Hunter, akaruka, na kuvunja kizuizi cha sauti juu ya umati uleule. Waziri Mkuu Winston Churchill alimwandikia barua ya kumpa heshima. Wakati ule kuendelea kulisomwa kama tanzia: rafiki anamaliza sentensi ya rafiki.

Dubai, miaka 73 baadaye, tendo lilelile lilisomwa na wengi kama tusi. Nimejaribu kujieleza tofauti hiyo, na jibu ninaloliamini zaidi ni la kimuktadha. Duke aliruka akiwa mmoja wa wale wanaoweza kufa vilevile. Alijihatarisha mahali ambapo mwenzake alikuwa ameanguka. Naheshimu hilo hata kama leo nisingependa liruhusiwe, kwa kuwa waliokufa chini siku ile hawakuulizwa kama wangetaka heshima ya namna hiyo. Marubani walioruka Dubai baada ya ajali nao walijihatarisha, na sidhani kwamba walikosa huzuni. Kilichokosekana ni ishara. Ratiba ilijifunga juu ya marehemu kama maji juu ya jiwe. Sauti ya mtangazaji haikubadilika, na sauti ya mtangazaji ndiyo lugha pekee ambayo umati ule ulikuwa unaisikia.

Siku mbili baadaye, kijijini kwao Himachal Pradesh, mwili wa Syal ulichomwa kwa heshima za kijeshi. Mjane wake, naye ofisa wa jeshi hilohilo la anga, alisimama na sare yake na kumpigia saluti huku analia. Video hiyo ilisambaa kama ile ya ajali. Hiyo niliitazama mara moja.

Narudi kwa Wamarekani wa F-16. Walikuwa na dakika zao kwenye ratiba, wakaziacha tupu. Hawakurusha kabari yenye ndege moja pungufu, hawakutoa moshi. Palikuwa na muda ambao ndege ilitarajiwa na haikuja, na yeyote aliyeshika karatasi ya ratiba mkononi alitazama juu akaona anga.