Maswali Yaliyosalia: Mwisho wa Masimulizi na Irabu ya Kinata

Masimulizi ya maajabu yakwishapo, wasikilizaji hubaki wakiuliza. Desturi hii ni ya kale kuliko televisheni, bali televisheni imeikuza. Tarehe 19 Mei 2019 ulikoma mchezo wa mfululizo uitwao Game of Thrones, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwezi Aprili 2011 na kufika sehemu 73. Watazamaji zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho utungwe upya. Manung'uniko yao yalikuwa mengi na yamechanganyika. Na kosa la wahakiki wengi lilikuwa kuyapima yote kwa kipimo kimoja, ama kwa kuyakubali yote, ama kwa kuyadharau yote.

Kipimo kilicho bora chaweza kupatikana mbali na Hollywood, katika sarufi ya lugha isemwayo Natta, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Kinata, kama Kiganda, kina irabu ya mwanzo itanguliayo kiambishi cha ngeli. Kiswahili hakina irabu hiyo. Joash Gambarage, katika tasnifu yake ya mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, alionyesha kwamba kazi ya irabu hii katika Kinata si kutenga kinachojulikana na kisichojulikana, kama ilivyozoeleka kusemwa juu ya lugha nyingine. Kazi yake ni kudhihirisha imani ya msemaji kwamba kitu kinachotajwa kipo. Katika sentensi ya kukanusha au ya kuuliza jina laweza kuja na irabu au bila ya irabu. Likija nayo, msemaji amejifunga kwamba kitu kipo. Likija bila yake, hakujifunga.

Tofauti hiyo yaweza kuazimwa na mhakiki, maadamu akumbuke kwamba anaazima. Sarufi yahusu imani ya msemaji katika sentensi, wala haitoi sheria za utungaji. Lakini yafundisha kuuliza swali moja lenye faida: je, msimulizi mwenyewe alijifunga kwamba jambo hili lipo, au alimwachia mwingine alitaje?

Na tuanze na utabiri wa Azor Ahai, shujaa atakayezaliwa tena. Wengi walilalamika kwamba hakutajwa ni nani. Lakini utabiri ule ulikuwa kinywani mwa Melisandre, kuhani aliyekwisha kukosea mara nyingi, naye alimwona shujaa huyo kwanza kwa Stannis, kisha kwa Jon. Msimulizi hakuutia muhuri wake. Swali hili limebaki wazi kwa haki.

Vivyo hivyo joka Drogon. Aliyeyusha kiti cha enzi kwa moto, akauchukua mwili wa Daenerys, akaruka. Katika baraza la mwisho Bran aliuliza habari zake, akaambiwa kwamba alionekana akielekea mashariki. Joka lipo, na safari yake ipo. Pasipojulikana ni mahali pa kituo chake tu, na mahali hapo hapakuahidiwa kamwe.

Sivyo ilivyo kwa alama ya mviringo iliyopangwa kwa viungo vya maiti na jeshi la wafu. Alama hiyo haikusimuliwa na mtu mmoja. Ilionyeshwa machoni pa mtazamaji, tena katika misimu kadhaa. Mchezo wenyewe ulidokeza kwamba asili yake ni kwa Watoto wa Msituni. Kwa nini Mfalme wa Usiku aendelee kuipanga, haukusema, naye akauawa katika sehemu ya tatu ya msimu wa nane. Hapo msimulizi alijifunga, na hakulipa.

Deni kubwa zaidi ni nasaba ya Jon. Mwaka 2016 mtazamaji alionyeshwa kuzaliwa kwake. Mwaka 2017 akaonyeshwa ndoa ya wazazi wake, iliyomfanya mrithi halali. Ni kweli kwamba siri ile ilimtia Daenerys hofu na kumponza Varys. Lakini baraza lililomchagua Bran halikuijadili haki hiyo hata kwa neno moja, wala kuikataa. Mrithi aliyekataliwa ni mwisho. Mrithi aliyesahauliwa ni upungufu. Huenda sababu moja ni kwamba mchezo ulivipita vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha tano chake kilitoka mwaka 2011 na cha sita hakikuwahi kutoka kabla ya mchezo kukoma. Sababu hiyo yaeleza deni, hailipi.

Jambo hili lina uzito kupita burudani. Wanata wana simulizi ya asili yao, iliyochunguzwa na Jan Bender Shetler katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya historia ya Serengeti: Nyamunywa, mwanamume mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima, wanakutana, na kutoka kwao watokea Wanata. Kiini cha simulizi hiyo ni kukutana kwa uwindaji na kilimo. Kwa nani alimzaa mwindaji, au nani alimfundisha mwanamke kulima, kiini hicho hakina haja. Anayeiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya shule hushawishika kuziba mapengo: kuwapa wawili hao wazazi, mahali walikotoka, hata tarehe. Akifanya hivyo anatia irabu pale ambapo wazee hawakuitia, na mwanafunzi atapokea kuwa historia jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia.

Kiswahili chenyewe chaongeza hatari hiyo. "Hakuona joka" haisemi kama joka lilikuwapo. "Hakuliona joka" hudokeza joka linalojulikana, lakini kiambishi cha yambwa si irabu ya Kinata: hicho chaonyesha ujulikanaji, hii yaonyesha imani ya kuwapo. Mfasiri mwangalifu hana budi kutumia maneno zaidi: "hakuona joka lolote" upande mmoja, "kuna joka asiloliona" upande wa pili. Sentensi itarefuka, lakini ahadi ya msimulizi itahifadhika.

Kwa hiyo swali lililosalia si kosa peke yake. Kosa ni ahadi iliyotolewa na msimulizi mwenyewe kisha ikaachwa. Na kosa la pili, lisiloonekana upesi, ni la mwandishi anayelipa deni ambalo mzee hakulikopa.