Stollen kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Waokaji wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, hawafanyi mchezo na stollen, mkate wao wa Krismasi. Anayetaka kuuuza kwa jina la mji lazima aoke Dresden au vitongojini mwake, na kila kilo 100 za unga wa ngano zipate siagi isiyopungua kilo 50, zabibu kavu kilo 65, maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa kwa sukari kilo 20, na lozi kilo 15. Majarini ni marufuku. Tangu 2010 jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya.

Kwa nusu kilo ya unga, hiyo ni robo kilo ya siagi na zaidi ya gramu 300 za zabibu. Mwanafunzi anayepika katika jiko la pamoja la bweni, huku akihesabu senti hadi mwisho wa mwezi, ana haki ya kusita.

Lakini asikate tamaa, kwani mkate wenyewe ulizaliwa maskini. Hesabu za hospitali moja ya Dresden ziliutaja mwaka 1474, na wakati huo ulikuwa chakula cha mfungo wa kabla ya Krismasi: unga, hamira, maji na mafuta kidogo. Kanisa lilikataza siagi siku za mfungo, mpaka Papa Innocent VIII alipowalegezea watu wa Saxony, eneo la Dresden, mwaka 1491. Anasa ilifuata baadaye. Mwaka 1730 mtawala wao, Augustus, aliagiza stollen ya takriban tani 1.8 kwa ajili ya karamu ya jeshi lake huko Zeithain.

Mwokaji mwenye fedha chache azipeleke kwenye siagi, maana hapo hakuna cha kubadilisha. Lozi zaweza kupungua. Maganda ayatengeneze mwenyewe, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Dukani huuzwa ghali katika pakiti ndogo, ilhali kila mla machungwa huyatupa. Huchemshwa mara tatu, maji yakimwagwa kila mara ili uchungu utoke, kisha hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa moto mdogo katika maji na sukari kwa kiasi sawa, mpaka yang'ae kama kioo. Shira inayobaki ni mali. Ichanganywe na chai ya rangi iliyokolea iliki, na humo zabibu zilowekwe usiku kucha. Wajerumani wengi hutumia ramu, lakini kinachotakiwa ni zabibu zilizoshiba. Zikiingia kavu hunyonya maji ya donge na mkate hukauka. Tena mkate wa chai ataula hata jirani Mwislamu wa chumba cha pili.

Siagi nyingi huichelewesha hamira. Kwa hiyo hamira huanzishwa peke yake, kwa maziwa ya uvuguvugu na sehemu ya unga, ipate nguvu kwanza. Kisha ni kazi ya mikono: kukanda bila haraka mpaka donge liwe laini na liache kung'ang'ania vidole. Mashine haihitajiki. Matunda huingia mwisho, yasije yakapondeka na kulichafua donge, na zabibu zinazochungulia juu huondolewa kabla ya kuoka, kwa kuwa zitaungua na kuwa chungu.

Mkate ukitoka kwenye ovena, ungali moto, hupakwa siagi iliyoyeyushwa na kufunikwa sukari mpaka uwe mweupe. Tabaka hilo si pambo tu. Huzuia unyevu usitoroke, na ndilo linalouwezesha mkate kukaa wiki kadhaa huku ladha ikizidi kukolea. Ukatwao siku hiyohiyo bado haujaiva kiladha, hata kama jiko zima linanukia.

Basi anayetaka kuula Krismasi aukande mwishoni mwa Novemba, aufunge vizuri, auweke mahali pa baridi, na asiuguse kwa wiki mbili au tatu.